Harusi ya bluu

Kanzu ya bwana harusi ilikuwa nyeupe. Niliiona kwa macho yangu, na kila aliyekuwepo Mikindani siku ile anaweza kuapa. Lakini kwenye picha zangu 412 bwana harusi amevaa kanzu ya rangi ya maji ya Msimbati, bibi harusi ana midomo ya mtu aliyeopolewa baharini, na shehe aliyefungisha ndoa, mzee wa watu, anaonekana kama katolewa kwenye friji sasa hivi.

Chanzo kilikuwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Nilikuwa ukumbini hapa Mtwara mjini, kwenye sherehe ya kumuaga binti. Ukumbi ule bado una zile balbu za kizamani, mwanga wake wa manjano kama chai ya maziwa. Kwenye menyu ya kamera kuna kialama kidogo cha balbu. Ukikichagua, kamera inaelewa kwamba mwanga wa hapo una umanjano mwingi, hivyo inazidisha ubluu na kupunguza wekundu ili kilicho cheupe kitoke cheupe. Nikakichagua, picha zikatoka safi. Nikalala saa tisa, nikaamka saa kumi na mbili, nikadandia bodaboda kwenda Mikindani, na kialama cha balbu kimekaa palepale.

Utaniuliza: hukuona kwenye kioo cha kamera? Sikuona. Ilikuwa wiki ya tatu ya Oktoba. Huku kwetu, nyuzi kumi na kidogo kusini mwa ikweta, hizo ndizo siku ambazo jua la saa sita linasimama utosini kabisa, mtu anakanyaga kivuli chake mwenyewe. Ongeza kuta za Mikindani zilizopakwa chokaa, ongeza kanzu thelathini za wageni, ongeza bahari nyuma yake. Kioo cha kamera kwenye mwanga ule hakina tofauti na mfuniko wa sufuria: unajiona wewe na jasho lako. (Siku hizi natembea na kanga kwenye begi. Nikitaka kutazama picha najifunika kichwa, kama wapiga picha wa zamani na kile kitambaa chao cheusi. Watoto hucheka. Wacheke.)

Na kamera ilikuwa kwenye JPEG, yaani picha inatoka imeshasafishwa na kubanwa na kamera yenyewe.

Nilikaa siku tatu na picha zile kwenye kistudio changu, kilichobanwa kati ya fundi cherehani na kibanda cha vocha. Nikipunguza ubluu, kanzu inakuwa ya kijivu kama maji ya kufulia. Nikiongeza wekundu, nyuso zinatoka mabaka ya rangi ya chungwa. Rafiki yangu mmoja aliye Lindi alinishauri programu nyingine, nikaipakua usiku kucha kwa bando la bei nafuu, mabaka yakawa yaleyale.

Nilichokuja kukielewa baadaye, na ambacho laiti ningekijua mapema, ni hiki. Kila kidoa cha picha ya JPEG kinabeba namba tatu, ya wekundu, ya ukijani na ya ubluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Kwenye jua lile, kamera iliyodhani iko chini ya balbu iliuzidisha ubluu mpaka kwenye kanzu ukagonga 255 na kuganda hapo. Kilichozidi hakikuandikwa popote. Mikunjo ya kitambaa, darizi ya kifuani, mstari wa bega, vyote kwa upande wa ubluu ni 255, 255, 255, bapa kama sakafu. Wekundu nao, ambao ndio unaobeba uhai wa ngozi zetu nyeusi, ulikandamizwa chini mpaka ukabaki na ngazi chache. Ukija kuuvuta juu baadaye, unavuta zile zile chache, na katikati yake kunabaki mapengo. Mapengo hayo ndiyo mabaka.

Kama ningepiga ghafi, kialama cha balbu kingekuwa kama anwani iliyokosewa juu ya bahasha. Barua ndani iko salama. Ningebadili anwani, sekunde mbili, kazi imekwisha.

Kwenye kamera wameandika RAW. Mimi nasema ghafi, na msomaji wa Mtwara hana haja ya kuelezwa ghafi ni nini. Tumekulia kwenye korosho ghafi, ada za shule zilitoka kwenye korosho ghafi, na Oktoba ikifika redio zote zinasoma bei ya korosho ghafi mnadani. Ghafi ni nzito, chafu, huwezi kumkaribisha mgeni kwa korosho ghafi, na mafuta ya ganda lake yanababua vidole. Ila kila kitu kimo ndani. Iliyobanguliwa ni tamu na imeshakuwa tayari, lakini kama mbanguaji alikuwa na haraka akaivunja, imevunjika. Hakuna anayeirudisha kwenye ganda ili aibangue upya. Kamera ikikupa JPEG imeshakubangulia, kwa jinsi ilivyodhani yenyewe, kwa sehemu ndogo ya sekunde, huku wewe ukiangalia pengine.

Ndani ya kamera kuna sensa. Si ile ya kuhesabu watu, ingawa na hii kazi yake ni kuhesabu. Sensa haijui rangi hata kidogo. Inahesabu mwanga tu. Ili ipate rangi, kila kidoa chake hufunikwa kichujio kidogo: nusu ya vidoa vina kichujio cha kijani, robo chekundu, robo cha bluu. Mpango huo ulipata hataza mwaka 1976 kwa jina la Bryce Bayer wa Kodak, na kamera nyingi mpaka leo zinautumia. Kwa hiyo kila kidoa kinajua rangi moja tu, na zile mbili nyingine zinakisiwa kwa kuangalia majirani. Faili ghafi ni hesabu yenyewe kabla ya kukisia: namba moja kwa kila kidoa, pamoja na kikaratasi kinachosema mwenye kamera alichagua balbu, au jua, au wingu.

Kamera yangu ina megapikseli 24, yaani vidoa milioni 24. Kwa biti 14 kila namba (biti nane ni baiti moja), ghafi ingekuwa na megabaiti 42. Kamera inaipanga vizuri bila kutupa kitu, inashuka mpaka kama 28. JPEG ya picha hiyo hiyo, baada ya kukisia rangi zote tatu, baiti moja kwa kila rangi, ilipaswa kuwa megabaiti 72. Inatoka na 10, mara nyingi chini ya hapo. Hizo sitini na zaidi zimekwenda wapi?

Nyingi zimetupwa kwa akili sana, na hapa nataka nimtendee haki mtu wa JPEG, maana wapiga picha wengi tukishajua ghafi tunaanza kuidharau JPEG kama mtu aliyepata gari na kusahau baiskeli iliyompeleka shule. Kwanza, jicho la binadamu ni kali kwenye mwanga na giza, lakini zito kwenye rangi. Basi JPEG mara nyingi hupunguza maelezo ya rangi na kuacha ya mwanga. Pili, inakata picha vipande vidogo vya vidoa nane kwa nane, 64 kila kipande, kisha badala ya kuandika vidoa vyenyewe inaandika mawimbi: kiasi gani cha mabadiliko ya polepole, kiasi gani cha mabadiliko ya haraka. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed pamoja na wenzake wawili. Mabadiliko ya haraka mno, yale ambayo jicho halingeyagundua, yanakadiriwa kwa ukali mpaka mengi yanakuwa sifuri, na kuandika sifuri nyingi hakuhitaji nafasi. Kiwango cha JPEG kilikamilika 1992. Miaka yote hii, picha ya mjukuu inayofika kijijini Tandahimba kwenye simu ya bei chee yenye alama moja ya mtandao, inafika kwa sababu ya zile sifuri.

Utakutana na watu wanaokwambia JPEG ina ngazi 256 za mwanga na ghafi ya biti 14 ina 16,384, wakamaliza hapo kama wamefunga kesi. Namba ni za kweli ila zinapotosha kidogo. Sensa inahesabu kwa kunyoosha: mwanga ukiwa maradufu, namba nayo inakuwa maradufu. Maana yake nusu nzima ya zile ngazi, 8,192, zinatumika kwa sehemu ing'aayo kuliko zote peke yake, na vivuli vinagombania makombo. JPEG inazigawa 256 zake kwa kufuata jicho linavyoona. Ndiyo maana picha nzuri ya JPEG ni nzuri kweli. Tofauti unaiona siku unapoanza kuivuta: uso uliokuwa kivulini unataka utoke, mbingu iliyong'aa unataka irudi. Ghafi inakubali kuvutwa. JPEG ikivutwa inachanika, na mara nyingi inachanikia angani, kwenye anga tulivu la jioni, ambapo unaanza kuona mistari kama ya mkeka.

Mjomba wangu alikuwa mpiga picha Lindi enzi za mkanda. Kwa watu wa kwetu mjomba si mtu wa pembeni, ndiye mwenye neno, kwa hiyo nilipoacha chuo nikasema nataka kamera, ruhusa niliiomba kwake. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, na mkanda wa rangi ulisafishwa Dar es Salaam. Kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, basi la Dar lilivuka Rufiji kwa pantoni, na masika barabara ilikuwa haipitiki. Mtu anaoa mwezi wa tatu, picha zake zinarudi mwezi wa sita, mke ana mimba. Hakuna aliyelalamika.

Picha zikirudi, mjomba alikuwa akiwapa wenyewe picha zao, na negativu anabaki nazo. Alizitia kwenye kopo la biskuti pamoja na punje za mchele mkavu, eti mchele unyonye unyevu wa bahari. Nilimuuliza anazitunzia nini, mbona watu wameshachukua picha. Akasema, "Mjomba, zile nimewapa wao. Hii ndiyo picha."

Sikumwelewa. Mwaka mmoja akaja mama kutoka Nachingwea, baba yake amefariki, nyumba ilikuwa imeungua zamani, hana sura ya baba yake popote. Alikumbuka tu kwamba aliwahi kupigwa picha Lindi, siku ya Saba Saba, amevaa suti ya kuazima. Mjomba alikaa na lile kopo asubuhi nzima, akiinua mikanda dirishani mmoja mmoja. Baadhi ilikuwa imeota ukungu, mchele haukushinda vita yote. Alasiri akaipata. Sura ya mzee, nyeupe penye weusi na nyeusi penye weupe, suti imempwaya mabegani. Yule mama aliishika kwenye mwanga akaitambua hivyo hivyo, kabla haijasafishwa.

Baada ya harusi ya bluu nilimpigia mjomba simu, nikamweleza habari ya ghafi na JPEG kwa kirefu. Alisikiliza, akauliza swali moja: "Kwa hiyo ulikuwa unapiga, unasafisha, halafu unatupa negativu?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kwa namna ya wajomba.

Basi nikaokoka. Na kama walokole wote wapya nikawa kero. Kila kitu ghafi: harusi ghafi, pasipoti ghafi, chapati za mama ntilie ghafi. Na mwanzoni nilithawabishwa. Nilikwenda Kilwa Kisiwani na kikundi cha wageni, tukavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, tukaingia ule Msikiti Mkuu ambao kisiwa chake Ibn Battuta alikifikia mwaka 1331, na ambao magofu yake UNESCO iliyaweka kwenye urithi wa dunia 1981. Ndani ni vivuli vya nguzo na kuba. Nje, kupitia matao, jua linaunguza majani. Jicho linaona vyote viwili kwa wakati mmoja bila taabu. Kamera haiwezi: ukiipimia ndani, nje panakuwa karatasi nyeupe, ukiipimia nje, ndani panakuwa makaa. Nilipima nje, nikapiga ghafi, na usiku nyumba ya wageni nikavuta vivuli polepole. Jiwe la matumbawe likatoka gizani na vitundu vyake vyote. Nilipiga kelele peke yangu chumbani, mwenye nyumba akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Halafu ikaja ngoma ya mapiko, upande wa Newala. Aliyevaa lipiko, kinyago kile cha kichwa kizima, anatoka vichakani taratibu, anawazungusha watu kwa mwendo wa mabega, na wewe unajua kuna sehemu moja, labda sekunde tatu, ataruka na miguu yote miwili na vumbi litasimama naye. Nilibonyeza na kushikilia. Kamera ina tumbo lake la muda, picha zinakaa humo zikingoja kuandikwa kwenye kadi. Yangu ikimeza ghafi ishirini hivi mfululizo, inashiba. Iliposhiba, taa nyekundu ya kuandika ikawaka, kitufe kikagoma, na nikamtazama yule mtu akiruka kwa macho yangu ya kuzaliwa nayo, mikono imeshika kamera iliyokufa. Kwa JPEG ingemeza karibu mia. Kijana mmoja pembeni yangu alimpata hewani kwa simu iliyopasuka kioo. Niliiona picha yake. Ilikuwa nzuri.

Na mahafali. Shule moja ya sekondari ilinipa kazi ya kidato cha nne, picha 1,100 zote ghafi, karibu gigabaiti 31. Wazazi walitaka picha jioni ile ile, maana picha ya mahafali ni kama mandazi, ladha yake iko kwenye moto. Kompyuta yangu ilikuwa ikifungua moja baada ya nyingine kama mzee anayepanda ngazi. Umeme ukakatika saa mbili. Ukarudi saa tano. Nilikabidhi kazi siku ya tisa, wakati huo kila mtoto ameshajipiga mwenyewe kwa simu na kujiweka mitandaoni, na mkuu wa shule alinishukuru kwa ile sauti ambayo unajua mwakani hutaitwa. Jua la siku ile lilikuwa la mawingu mepesi, mwanga laini, nyuso zote zimepimika sawasawa. Ghafi haikuniongezea hata chembe. Nilikuwa nimebeba gunia la korosho kwenda kwenye nyumba inayotaka kionjo cha chai.

Jambo lingine ambalo walokole hawasemi: ghafi nayo inaungua. Kidoa cha sensa ni kama ndoo chini ya mchirizi. Ikijaa imejaa, kinachomwagika hakihesabiwi na faili lolote. Ghafi inakupa nafasi zaidi ya JPEG kabla ya kufika hapo, na bado inafika. Wale wanaosema "piga tu, ni ghafi, tutarekebisha" hawajapiga kanzu Mikindani saa sita ya Oktoba. Kingine, chati ya mwanga unayoonyeshwa kwenye kioo cha kamera, ile histogramu, mara nyingi haitokani na ghafi. Ndani ya kila faili ghafi kumepachikwa JPEG ndogo kwa ajili ya kutazamia, na chati inasoma hiyo. Kwa hiyo inaweza kukwambia kanzu imeungua wakati ghafi bado inapumua. Imenichukua muda kujua kamera yangu inapiga yowe mapema kwa kiasi gani.

Dukani kwangu, hata hivyo, vita ya ghafi na JPEG haifiki. Huko ninapigana na kitu kingine. Anakuja mtu, macho mekundu, anasema, "Kaka, tumefiwa, tunataka picha ya marehemu, kubwa, ya kuweka mbele." Anatoa simu. Picha ilipigwa kwenye kipaimara miaka minne nyuma, ikatumwa kwenye kundi la familia, mtu akaihifadhi, akaituma tena, binamu akaipiga picha ya skrini kutoka kwenye stetasi, akakata waliosimama kando. Kila hatua imebanwa upya, na JPEG iliyobanwa juu ya JPEG inapoteza kila safari. Inanifikia uso wa mtu ukiwa na ukubwa wa ukucha, vipande vyake vya nane kwa nane vinaonekana waziwazi kama vigae vya choo. Nitaikuza hivyo hivyo, nitailainisha, watashukuru na kulia. Moyoni nitajua kwamba picha yenyewe iliwahi kuwepo, nzima, kwenye simu ya mtu fulani, mpaka siku aliyofuta ili apate nafasi ya video. Ukitaka kumtumia mtu picha ya maana kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Itafika kama ilivyoondoka. Hilo ningelibandika ukutani kama si kwamba ukuta umejaa.

(Wenye iPhone nao wana lao. Tangu 2017 simu zile huhifadhi picha kwa HEIC, aina nyingine ya faili la picha, ambayo hubana vizuri zaidi ya JPEG. Kompyuta yangu kuukuu haikuwa inaijua, nikawa nawarudisha watu wa pasipoti wakidhani simu zao ni mbovu. Ubovu ulikuwa kwangu.)

Sasa napiga vipi? Inategemea jua na anayelipa, kwa mpangilio huo. Mahafali, pasipoti, mikutano ya vyama vya msingi, ngoma yenye kuruka: JPEG, ubora wa juu kabisa, na kialama cha mwanga nakikagua chini ya kanga kabla ya picha ya kwanza. Harusi napiga ghafi, kwa sababu ya kanzu na shela, na kwa sababu ndoa ni kitu ambacho mtu anaweza kukirudia miaka ishirini baadaye, kama yule mama wa Nachingwea. Kuna mpango wa kuandika vyote viwili kwa pamoja, ghafi na JPEG, na wengi wanausifia. Niliutumia mwaka mmoja. Kwa kamera yenye tundu moja la kadi kama yangu, ni kubeba korosho na maganda kwenye gunia moja; kadi inajaa mama mkwe akiwa ndiyo kwanza anashuka kwenye gari. Wakitaka picha chache za haraka, natoa zile JPEG ndogo zilizopachikwa ndani ya ghafi, zinatosha kabisa kwa stetasi, na hakuna aliyewahi kugundua.

Kuzisafisha natumia programu ya kompyuta iitwayo darktable. Ni ya bure, ina vitufe vingi kuliko haja, na mwezi wa kwanza utaichukia. Faili natunza kwenye diski mbili, moja dukani, moja nyumbani kwa dada yangu Shangani, ndani ya kopo. Kopo la biskuti, ndiyo. Mchele nimeacha, naweka vile vipakiti vinavyokuja na viatu.

Hamjauliza harusi ya bluu iliishaje.

Siku ya nne, nikiwa nimekata tamaa, nilianza kutazama rangi moja moja peke yake. Ubluu: umeungua. Wekundu: umekufa. Ukijani ulikuwa mzima. Nikakumbuka kwamba kamera inaposahihisha weupe huwa inapandisha na kushusha wekundu na ubluu, ukijani inauacha kama ulivyo, ndio kipimo chake. Nikatupa zile mbili, nikabaki na ukijani, nikaugeuza kuwa picha za nyeusi na nyeupe. Kanzu ikapata mikunjo yake. Darizi ikarudi. Shehe akapata joto. Zilikuwa, nisiseme uongo, picha nzuri kuliko nilizowahi kupiga mpaka siku ile.

Nikapeleka albamu Mikindani mwenyewe. Mama wa bibi harusi aliipokea kibarazani, akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaifunga.

"Mwanangu," akasema, "kwani binti yangu kaolewa enzi za Mwingereza?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ubavu. Salio hakulipa, na mimi sikuliulizia. Picha moja kubwa imetundikwa sebuleni kwao, na nasikia wageni wakiingia huuliza kama wale ndio babu na bibi.

Wiki iliyopita alinipigia. Mdogo wake bibi harusi anaolewa Oktoba hii, pale pale, saa ile ile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sasa hii nayo itakuwa na rangi?"

"Itakuwa na rangi, mama."

"Na kanzu?"

"Nyeupe."

Akakata simu. Baada ya dakika mbili akapiga tena, kuuliza kama hiyo pesa ya rangi iko ndani ya bei au nje.